Difu ya Tatu Ilipofia Donge

Jambiani mpaka Mahonda

Tuliondoka Jumatano, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Dakika nazijua kwa sababu kazi yangu kwenye gari ile ilikuwa kuandika dakika.

Mmeniuliza nyote nini kilitokea, na mimi mnanijua. Nikiulizwa mbele za watu nasema "hamna kitu" halafu naangalia vidole vyangu vya miguu. Basi nakuandikieni. Mpitishiane, ila asitokee mtu akaisoma kwa sauti darasani, nitahama skuli.

Kwanza kwa wale wasiojua. Kina mama wa mwani wa kwetu wana chama, na chama kina gari ya mizigo. Waliinunua mjini ikiwa mpya, na waranti ya miaka miwili. Dereva ni Mjomba Pandu, ndugu yake mama. Mwenyekiti ni Bi Mize, ambaye akikohoa tu upande wa pili wa kijiji watu hurekebisha walivyokaa.

Gari haina ugonjwa ila mmoja: difu. Difu ni lile bonge la chuma, mfano wa tikiti, lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani mna meno yanayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Difu ya kwanza ilikufa miezi miwili baada ya servisi ya mwanzo. Gereji ya hao waliotuuzia ikatia nyingine bure, ndiyo faida ya waranti. Ya pili nayo ikafa. Wakatia nyingine bure, lakini safari hiyo mkuu wa gereji, Fundi Salum, aliandika barua. Oili ilikutwa na maji, dereva anaingia na gari baharini, na ikitokea tena waranti haitafanya kazi.

Barua ilisomwa kwenye mkutano wa chama. Nilikuwepo, nimekaa nyuma ya mama. Bi Mize alimwambia Mjomba mbele ya watu wote:

"Pandu, nakupenda kama mdogo wangu. Lakini difu ya tatu ikifa, funguo utaziweka hapa, juu ya mkeka huu."

Mjomba anaendesha magari tangu mimi sijazaliwa, na hajui kazi nyengine. Alijibu, "Sawa, Bi Mize," akaenda zake kuosha vioo.

Siku ile ile nikafanywa karani wa gari. Niandike inakokwenda, imebeba nini, imesimama wapi, imelala wapi. Bi Mize alisema nafaa kwa kuwa sisemi, hivyo mikono yangu ina nafasi.

Basi Jumatano hiyo tulikaa watatu mbele: Mjomba kwenye usukani, Bi Mize dirishani, mimi katikati na daftari, goti langu likigombana na gia. Nyuma tulibeba masufuria sita makubwa ya chama, yale ya pilau ya harusi ambayo mtoto anaweza kujificha ndani, pamoja na mikeka na magunia mawili ya vitunguu. Vyote vilikuwa vinakwenda Mkokotoni, ambako mtoto wa ndugu yake Bi Mize alikuwa anaolewa Jumamosi.

Tulisimama Tunguu kula. Bi Mize hali chakula cha njiani mpaka ahoji kwanza. Alimuuliza muuzaji chapati zimekandwa saa ngapi, kwa maji ya moto au ya baridi, na samli ama mafuta.

"Bibi, unakula au unaposa?" akauliza muuzaji.

"Ningekuwa naposa nisingeuliza maswali machache hivi," akajibu Bi Mize, akanunua sita.

Tukauzunguka mji kwa pembeni, tukashika njia ya kaskazini. Tulipoipita Mahonda nikaanza kusikia sauti nyuma yetu, nyembamba, kama mtu anasaga kahawa nyumba ya tatu. Nikamwangalia Mjomba. Naye alishaisikia. Alizima redio. Bi Mize alikuwa anaeleza habari za bibi harusi, akanyamaza katikati ya neno.

Kwenye daftari niliandika: *Saa tatu kasoro dakika nane. Mlio.*

Donge, kando ya barabara

Tulifika Donge kwa mwendo wa kobe. Mlio ukawa mngurumo, mngurumo ukawa vishindo, mwisho kikasikika kishindo kimoja kikubwa chini ya gari na gari ikasimama. Injini ilikuwa inazunguka vizuri kabisa, magurudumu hayana habari.

Mjomba alishuka, akavua kofia yake akaiweka kwenye kiti, akaingia chini.

Ili gari ipandishwe jeki ilibidi tupunguze mzigo. Tukayashusha masufuria, tukayapanga kando ya barabara, yote sita na mifuniko yake. Bi Mize akatandika mkeka pembeni, akajitanda kanga mpaka kichwani kwa ajili ya jua, akakaa na uso alioukunja kama karatasi.

Dakika kumi hazijapita, akatokea mzee mmoja kwa baskeli. Alipotuona akashuka, akaiegemeza baskeli kwa heshima.

"Assalaam alaykum. Poleni sana, ndugu zangu. Maiti ni nani?"

Bi Mize hakuwa na hamu ya mazungumzo. Akanyoosha kidole kwenye gari. "Si huyo hapo."

Mzee akageuka. Chini ya gari miguu miwili ya Mjomba ilikuwa imetoka nje, imelala sambamba, haitikisiki.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun!" akasema mzee. "Na mmemwacha pale pale?"

Miguu ikasema, "Raya! Nipe spana ya kumi na tisa."

Wallahi mzee yule aliruka. Nilicheka mpaka nikaogopa, maana siku yenyewe haikuwa ya kucheka. Bi Mize naye kanga ilimtikisika mabegani, lakini uso aliugeuzia mbali.

Taabu ni kwamba mzee hakuwa wa kwanza kutuona. Masufuria sita kando ya njia na mwanamke kajitanda: Donge nzima ilishaelewa kuwa kuna msiba. Akaja mama mmoja, Bi Asha, na mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake wenziwe wawili, mmoja na ndoo ya maji, mmoja na muhogo. Tulipowaeleza, Bi Asha alitua kuni zake akasema, "Basi mimi kuni sirudi nazo. Nimeshazileta."

"Zishafika, tupike," akasema Bi Mize.

Ndivyo tulivyopika muhogo wa nazi na dagaa ndani ya sufuria la watu mia mbili. Chakula kilienea chini tu, kama madoa. Ili ukifikie kwa upawa ulipaswa uiname mpaka kiunoni. Yule mzee wa baskeli alikula sahani mbili, anasema za kutuliza moyo.

Mjomba hakula. Aliniita chini ya gari. Alikuwa amefungua nati ya chini ya difu, na oili ilikuwa inatoka. Oili ya difu inatakiwa iwe nyeusi au rangi ya asali. Hii ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Akaikinga kwenye chupa ya maji ya kunywa mpaka ikajaa nusu.

Sasa naandika jambo ninalolionea haya. Nilimuuliza. Tulikuwa wawili tu chini pale, na nikasema taratibu:

"Mjomba, hujaingia nayo baharini hata siku moja?"

Akachukua tambara. Akajifuta kidole kimoja kimoja, vyote kumi.

"Na daftari unaandika wewe," akasema. "Hata wewe, Raya."

Hakunisemesha tena siku ile.

Donge mpaka mjini, kwa kamba

Mjomba alizitoa ekseli za nyuma ili magurudumu yazunguke yenyewe, akaziba matundu kwa matambara. Masufuria, mikeka na vitunguu tukamwachia Bi Asha. Gari moja ya mchanga iliyokuwa inarudi tupu ikakubali kutuvuta.

Dereva wake alikuwa mcheshi, na siku hiyo sikumpenda.

"Difu tena? Hizi gari za shamba bwana, zinajua kuogelea."

Mjomba alikaza kamba. Kuvutwa ni kazi kuliko kuendesha. Injini imezimwa, usukani mzito kama jiwe, breki za kuomba Mungu. Jua lilikuwa linatuchoma kiooni, na ile chupa ya oili Mjomba aliiweka pale pale mbele, ikawa inatutazama njia nzima. Bi Mize alifumba macho. Nilidhani amelala, lakini tulipofika Mtoni akasema bila ya kufumbua:

"Pandu, sitaki kulifanya hili la funguo. Lakini nilishasema mbele ya watu."

"Najua, Bi Mize."

Tulifika gereji imeshafungwa. Mlinzi akaturuhusu tuiache gari langoni. Tukaenda kulala Jang'ombe kwa mama mdogo Zuwena, ambaye alitununulia urojo bakuli kubwa kubwa, wenye bajia na kachiri za muhogo juu. Mimi nilikula wangu wote. Nilikuwa na huzuni lakini pia nilikuwa na njaa. Mjomba aliuchezea wake kwa kijiko mpaka ukapoa. Baadaye nilimwona ukumbini anazitoa funguo za gari kwenye mnyororo wake, zile za nyumba kando, zile za gari kando. Akazifunga za gari kwenye leso.

Gereji

Alkhamisi mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika. Saa mbili tulikuwa gereji. Ni uwanja mkubwa ulioezekwa mabati upande mmoja, na nje langoni kuna mama mmoja anauza chai na chapati kwenye seredani ya makaa.

Fundi Salum ni mrefu, ovaroli lake safi kuliko sare yangu ya skuli. Alimimina tone la oili kidoleni, akalisugua, akatoa uamuzi pale pale kama daktari mwenye foleni.

"Bahari hii. Nilikwambieni."

"Gari haijaingia baharini," akasema Mjomba.

"Mzee Pandu, nyinyi mnaishi juu ya bahari. Magurudumu yakipata moto, ukiyatia kwenye maji ya baridi, difu inavuta maji ndani. Nilikuandikieni haya kwenye barua."

Bi Mize akanipokonya daftari, akamkabidhi. "Soma. Kila siku imeandikwa. Bamvua zima, bahari inapokupwa mno na sisi tunavuna, gari inakaa juu kwenye minazi, mwani tunapandisha sisi kwa vichwa vyetu."

Fundi akafunua kurasa mbili. "Daftari la mtoto wa skuli hili. Hata mimi naweza kuandika sikunywa chai leo."

Masikio yalinipata moto. Kelele zilimtoa ofisini mwenye duka, Bwana Akber, mzee wa Kihindi mwenye miwani ya kamba na Kiunguja cha Mjini kilichonyooka kuliko chetu. Alisalimia kila mmoja, akasikiliza pande zote mbili, akavua miwani.

"Bi Mize, mimi si fundi. Fundi wangu akisema bahari, mimi nasaini bahari. Nionyesheni kitu, si maneno."

Pale ndipo nilipoitazama chupa. Mjomba alikuwa ameishika mkononi. Tangu jana, kwa lile joto la kiooni na kutulia usiku kucha, ile chai ya maziwa ilikuwa imejitenga. Juu oili, chini kabisa vidole viwili vya maji, machafu lakini maji.

Mnajua mwani ukikauka juu ya mikeka unavyobakisha chumvi nyeupe? Sote tumekuwa tukiikung'uta tangu wadogo. Nikawaza: maji ya bahari yakikauka yanaacha chumvi. Haya je?

Kusema sikuweza. Nikachana karatasi, nikaandika mstari mmoja, nikampenyezea Bi Mize. Akaitazama mbali, akaitazama karibu.

"Miwani nimeiacha Jambiani. Sema kwa mdomo."

Watu wote walinigeukia. Mafundi wa pale, Bwana Akber, mpaka yule mama wa chai. Nilimwona Mjomba, mkono mmoja una chupa, mwengine umo mfukoni umeshika ile leso. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri:

"Tuyachemshe. Yakiwa ya bahari yataacha chumvi."

"Kasema nini?" akauliza Fundi.

"Tuyachemshe!" nikapiga ukelele. Sikukusudia uwe ukelele.

Bwana Akber akavaa miwani yake tena. "Mtoto kasema kitu." Akamtuma fundi mmoja kwa pikipiki akachote maji ya bahari pwani ya Malindi, ili tulinganishe.

Bi Mize akachomoa pini kwenye ushungi wake, akaitoboa chupa chini kabisa, maji yakadondoka kwenye kijiko. Kijiko kingine tukatia maji ya Malindi. Yule mama wa chai akavishika vyote viwili juu ya seredani yake, akinung'unika: "Vijiko vyangu mtanilipa vipya, mimi siwalishi wateja oili."

Kijiko cha Malindi kilichemka, kikakauka, kikabakisha ukoko mweupe. Mama yule akauonja. "Chumvi."

Kijiko chetu kilitoa povu, kikanuka vibaya, kikakauka. Kikabakisha utando mweusi wa oili. Bwana Akber akausugua kwa kidole, akauonyesha kwenye mwanga. Hakuna cheupe hata chembe.

"Maji baridi haya," akasema. Maji baridi ndiyo yale ya kunywa, yasiyo na chumvi.

"Basi wamepita mtoni," akasema Fundi Salum.

Bi Mize akageuka mzima mzima. "Mto? Jambiani? Hebu tuonyeshe uko wapi, mwanangu, tumeishi pale miaka yote tunachota kisimani kwa ndoo, hatujauona!"

Mafundi walicheka. Hata mimi. Lakini Mjomba hakucheka, kwa sababu maji bado yalikuwa ndani ya difu na hakuna aliyejua yametokea wapi. Fundi akaanza habari ya kuosha gari kwa mpira. Nami nikageuka nyuma, kama kawaida yangu watu wanapobishana, natafuta mahali pa kuyaweka macho.

Nikayaweka juu ya pipa.

Lilikuwa limesimama nje ya bati, pale ambapo maji ya paa yanateremka. Juu ya pipa palikuwa na kunguru, anaoga. Anatumbukiza kichwa, anakung'uta mbawa, anarusha maji huku na huku. Mfuniko wa pipa una kingo kama sinia, na sinia limejaa maji ya mvua. Katikati ya maji yale imesimama pampu ya mkono.

"Pipa lile la nini?" nikauliza. Mara hii sauti ilitoka yenyewe.

"La oili ya difu," akasema fundi mmoja.

"Kunguru anaoga," nikasema.

Kunguru akaendelea na shughuli zake. Mjomba alikuwa wa kwanza kutembea. Alimfukuza ndege kwa upole, akainama akatazama pampu inapoingia. Sili yake, ule mpira wa kuzuia maji, ilikuwa imekatika. Maji yote ya juu njia yake ni hapo.

"Pampu inavuta kutoka chini," akasema Mjomba pole pole, "na maji ndiyo yanayokaa chini." Kisha akamtazama Fundi Salum. "Lete gilasi, bwana."

Ikaletwa ya yule mama wa chai, akilalamika. Mjomba akapampu mara tatu. Katika gilasi ikaja chai ya maziwa, ile ile, rangi ile ile.

Bwana Akber aliichukua gilasi, akainusa. "Salum, gari yao ilitiwa oili ya pipa hili?"

"Kwenye servisi ya kwanza. Na kila difu mpya." Fundi alikuwa kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe. "Zote tatu, Bwana. Oili hii ni ya aina hii ya gari tu."

Alimwendea Mjomba. Nilitegemea atatafuta neno la kujitetea. Hakutafuta. "Mzee Pandu, niwie radhi. Nimekuharibia jina, na mimi ndiye niliyekuwa nakutilia maji."

Mjomba akamtazama yeye, akalitazama pipa. "Nimekuwia radhi," akasema. "Lakini kunguru wako huyo, bwana, mtie kwenye orodha ya mafundi. Kazi anaijua."

Vicheko vilivyopasuka pale vilisikika mpaka barabarani. Bi Mize hakucheka. Alimsogelea Mjomba, akautoa mkono wake mfukoni, akaifungua ile leso mbele ya kila mtu, akazitia funguo kwenye kiganja chake na kukifumba.

"Gari yako," akasema. "Na mkutanoni nitasema mwenyewe, kwa sauti ile ile niliyosemea mwanzo."

Mjomba macho yalimjaa machozi. Kisha akanigeukia mimi, akanivuta kwa ushungi wangu kama alivyokuwa akinivuta nilipokuwa mdogo. Nikajua ule udhia wa Donge umekwisha.

Bwana Akber akaleta kitabu cha waranti. Alifuta yaliyoandikwa kuhusu Mjomba, akaandika mapya, akasaini, na waranti akaianzisha upya tangu siku ile. Alipofunua kurasa za nyuma akasita. Kulikuwa na gari nyengine ya aina yetu, ya mzee mmoja wa Bwejuu, Mzee Mcha. Difu ilikufa, ikaandikwa "maji ya bahari," akakataliwa. Hakurudi tena.

"Nitampelekea barua," akasema Bwana Akber, na safari hii hakumtazama mtu usoni.

Mimi nikaliandika jina kwenye daftari.

Mjini mpaka Mkokotoni

Walifanya kazi mpaka Ijumaa asubuhi. Fundi Salum alitia difu mpya kwa mikono yake, na oili ilitoka kwenye makopo yaliyofungwa, akanitaka nilione kila kopo likifunguliwa. "Karani, andika," akawa anasema. Niliandika makopo yote. La mwisho alinipa nimimine mwenyewe. Oili ilishuka rangi ya asali, bila ya haraka.

Tuliondoka baada ya sala ya Ijumaa. Tulipoikaribia Mahonda Mjomba alizima redio. Bi Mize alinyamaza. Sote watatu tulikuwa tunasikiliza nyuma. Hamna kitu. Upepo tu, na mnyororo wa bodi ukigonga. Mjomba akawasha redio, akaongeza sauti, akaimba. Mjomba hajui kuimba, lakini siku hiyo nani angemkataza.

Donge tulipokewa kama wafiwa waliofufukiwa. Bi Asha alikuwa ameyasugua masufuria yote sita kwa mchanga na majivu, yanameremeta. Yule mzee wa baskeli alikwenda moja kwa moja chini ya gari kutazama.

"Maiti kafufuka?" akauliza.

"Kafufuka, na anakualika harusini," akasema Bi Mize. Na kweli alikuja, yeye na Bi Asha na wenziwe wote, wamepanda nyuma pamoja na masufuria.

Basi tuliingia Mkokotoni hivyo, honi moja kwa moja, watu wa Donge wanapiga mifuniko ya masufuria, vigelegele kutoka soko la samaki mpaka mlango wa harusi. Bi Mize aliposhuka, kabla ya kumsalimu hata ndugu yake, alisimama juu ya kidaraja cha gari akawaambia watu waliojazana: "Huyu ni Pandu, dereva wa chama chetu. Na huyu ni Raya, karani wetu." Nilitamani kuingia ndani ya sufuria. Lakini sikuangalia vidole vya miguu. Nilihesabu: niliwaangalia watu watano usoni, mmoja baada ya mwengine.

Jumamosi tulikula pilau ya ng'ombe, boko boko, na pweza waliokuja kutoka Tumbatu asubuhi ile. Mzee wa baskeli alikula sahani tatu.

Kurudi

Jumapili tukarudi Jambiani bila ya kusimama popote isipokuwa Tunguu, kwa chapati. Sikuandika mlio wowote. Jioni mkutano ulikaa, Bi Mize akasema aliyoahidi, neno kwa neno, na kina mama wakampigia Mjomba vigelegele mpaka akatoka nje kwenda kuosha vioo vilivyokuwa safi tayari.

Jumatatu asubuhi niliazima baskeli ya dada, nikaenda Bwejuu peke yangu. Barua inaweza kuchelewa, na mtu amekaa na lawama isiyo yake. Njia nzima nilikuwa najizoeza maneno, nilipofika Paje nikayasahau, nikaanza tena.

Nyumba ya Mzee Mcha haikuwa na shida kuipata. Gari yake ilikuwa uani, rangi moja na yetu, matairi yameishiwa upepo, kuku anatagia kwenye bodi. Niliegemeza baskeli. Nikabisha hodi, sauti haikutoka. Nikabisha tena, ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Karibu," akajibu mzee kutoka ndani, akatoka na kikombe cha chai mkononi. "Nani mwenzangu?"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Naitwa Raya, natokea Jambiani. Nimekuja kukwambia gari yako hukuiharibu wewe."

Mzee Mcha akakiweka kikombe chini. Akanitandikia mkeka, nikakaa, nikaanza kumweleza tangu mwanzo.